Mukandayisenga Laurence, Mama Aliyelipeleka Somo la Titi Katika Imihigo

Ndugu, majirani, mchungaji, viongozi wa serikali ya sekta yetu, na ninyi ba-mama wa foleni ya mpaka wa Petite Barrière ambao leo mmeacha mizigo yenu mkaja na viatu vya kanisani: asanteni kwa kufika. Régis, kijana wa marehemu, amekwisha kusoma maisha ya mama yake kwa Kinyarwanda. Mimi nimepewa Kiswahili kwa sababu nusu ya wanaomlilia wamevuka kutoka Goma asubuhi hii, na kwa sababu yeye mwenyewe, akikasirika, alikasirika kwa Kiswahili. Naitwa Kampire. Ni mdogo wake, tumbo moja. Kabla hajafa aliniagiza mambo mawili juu ya karatasi hii. La kwanza, isiwe ndefu, watu wana njaa. La pili nitalisema mwishoni, kwa kuwa nikilitanguliza sitaweza kuendelea.

Mukandayisenga Laurence alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Goma, mtaa wa Birere, mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa marehemu Mugabo na marehemu Nyiraneza. Wazazi wetu walikuwa wametoka Gisenyi, upande wa Rwanda, mwaka 1961, wakiwa na godoro moja na cherehani. Tuliishi karibu sana na mpaka, hata mama akianika nguo aliweza kuwaona watu wa kwao wakipita upande wa pili. Laurence alizaliwa kabla ya wakati, mdogo mno, na nesi alimwambia mama asimzoee. Mama akamfunga kifuani kwa kitambaa wiki sita, usiku na mchana, akipika naye, akisali naye. Ndiyo maana marehemu hakuona haya hata kidogo kulitaja titi mbele za watu. Alisema hapo ndipo alipokulia.

Alisoma shule ya msingi Goma kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, kisha sekondari miaka minne, hadi baba alipofariki mwaka 1984 na karo ikakosekana. Masista wakampokea kwenye darasa la ushonaji, na mwaka 1986 akapata cheti chake, ambacho bado kimetundikwa sebuleni pale Gisenyi. Walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja. Alikuwa akinyoosha mkono kuuliza swali, hashushi mpaka ajibiwe. Mkono wa kulia ukichoka, anaushikilia kwa wa kushoto. Siku moja mwalimu wa hesabu alimwacha hivyo kipindi kizima ili amkomeshe. Kengele ikalia, wenzake wakatoka kucheza, Laurence yuko palepale, mkono juu. Mwalimu akafunga daftari akamwambia, "Bon, sema, we mutoto, umenishinda." Mkumbuke mkono huo, tutaurudia.

Kuhusu kazi, hakupata kukaa bure. Alishona nguo Goma hadi Januari 1995, familia yetu iliporudi Rwanda, na hapa Gisenyi akaanza biashara ya mboga. Alfajiri alikwenda Busasamana kuchukua kabichi, karoti na vitunguu kwa wakulima, saa mbili yuko kwenye foleni ya Petite Barrière, saa tano amekwisha kuuza Goma, jioni anarudi na mafuta ya mawese au kitenge. Kwa wageni wasiojua: sisi wafanyabiashara wadogo tunavuka kwa kikaratasi kinachoitwa jeton. Kinaonyeshwa kwenda, kinaonyeshwa kurudi, na ukikipoteza ujue siku yako imeharibika. Mikono yetu ina mizigo, mifuko hatuna, basi jeton inakaa palepale ninyi nyote mnapopajua, ndani ya sidiria. Simama pale Petite Barrière asubuhi uangalie: mamia ya wanawake wanaingiza mkono kifuani, wanatoa, wanarudisha. Laurence alifanya hivyo miaka ishirini na zaidi.

Aliolewa Jumamosi tarehe 7 Septemba 1996 na Bizumuremyi Wellars, mvuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, ambaye yuko hapa mbele yenu na hajala tangu juzi. Mzee Wellars, leo utakula, hiyo ni amri. Uchumba wao tuliucheka sana nyumbani. Kila jioni kwa miezi mitatu Wellars alileta sahani ya sambaza, akaiweka mlangoni, akasema "Muko salama?" na akaondoka. Hakusema neno lingine. Mama yetu alianza kuwa na wasiwasi akauliza, "Huyu mutu anatulisha, ao kuna kitu anataka?" Laurence ndiye aliyemfuata njiani akamwambia, "We, sambaza imetosha. Sema." Akasema. Mungu aliwapa Régis mwaka 1997 na Umutesi mwaka 2000, na katika miaka ishirini na minane ya ndoa yao sikuwahi kusikia sauti ya Wellars ikipita ukuta wa nyumba. Sauti ya dada yangu ilipita, lakini hiyo ilipita kuta zote.

Sasa nifike kwenye ugonjwa, na hapa sitapamba. Tarehe 5 Agosti 2013, siku ya Jumatatu, akiwa kwenye foleni, alitia mkono upande wa kushoto kutafuta jeton akagusa kitu kigumu. Kidogo, kama harage, hakiumi. Mnajua alifanya nini? Alifikiri jeton ndiyo imemsugua. Ile plastiki aliyoifungia isilowe jasho, alidhani imemchubua kwa miaka, pamefanya sugu. Basi akahamisha jeton upande wa kulia, ili wa kushoto upumzike. Alituambia sisi wenzake pale foleni, nasi tukasema, ndiyo dada, na sisi tutahamisha. Tulihamisha! Wanawake kumi na watano wenye akili zao, tunahamisha jeton kushoto kwenda kulia kama dawa. Miezi minane. Leo nikikumbuka natamani kucheka, na kucheka kunakataa.

Mnamo Aprili 2014 ngozi ilianza kuvutika, ndipo Wellars, yule asiyesema, akasema. Alimkuta anavaa, akamwambia, "Laurence, kesho hauvuki. Kesho tunaenda kwa kituo cha afya." Kituo kikampeleka hospitali, hospitali ikampeleka Butaro, kwenye hospitali ya kansa, na mwezi Juni mwaka huohuo akaondolewa titi la kushoto. Mituelle, bima yetu ya afya, ilisaidia, kanisa lilisaidia, wavuvi wa kikosi cha Wellars walimwachia fungu lake la samaki hata siku ambazo hakwenda ziwani. Dawa zilimtoa nywele. Alirudi Gisenyi kichwa kinang'aa, akashuka kwenye gari, akatuona tumejipanga tunalia, akatuuliza kama kuna mtu amekufa.

Alijishonea titi mwenyewe. Fundi ni fundi. Alichukua kitambaa cha pamba, akalijaza sponji ya godoro na mtama kidogo ili liwe na uzito, na upande wa ndani akalitia mfuko wenye kifungo. Jeton ikapata nyumba. Pale Petite Barrière alikuwa mwanamke pekee mwenye titi la mfuko, na wenzake walimwonea wivu, jamani, niseme ukweli, hata mimi.

Lakini kuna jambo alilorudi nalo kutoka Butaro ambalo halikumpa usingizi. Kitanda cha jirani yake kilikuwa na msichana wa miaka ishirini na minne. Alikuwa ameficha uvimbe mwaka mzima kwa aibu, hakumwambia hata mama yake. Laurence alimuuliza, "Mutoto wangu, hakuna aliyekufundisha?" Yule binti akamjibu kwamba shuleni alichora moyo, akachora mapafu, akachora hata figo na kuzipaka rangi. Titi hawakuchora. Alikufa kabla Laurence hajatoka. Laurence alimvalisha mwenyewe, pamoja na mama wa mtoto, na alipofika nyumbani aliniambia maneno ambayo yalitawala miaka kumi iliyobaki ya maisha yake: "Kampire, bamama tumechelewa, tutafundishana vile tutaweza. Lakini ba-binti wafundishwe na serikali. Kwa shule. Kwa ubao, na chaki."

Nilimpinga. Niliandike hili na lichapwe. Nilimwambia, "Dada, wewe unajua kufundisha, fundisha. Foleni yote inakusikiliza. Serikali ya nini? Utachosha miguu bure." Akanijibu, "Mi nitakufa, Kampire. Sekta haitakufa." Nilimwona mjeuri. Nilimwambia kwa dharau kwamba ameponea chupuchupu, sasa anataka uwaziri. Naye kila mara alinigeukia akaniuliza, "Na wewe, umejipima?" Nami kila mara nilijibu kwamba familia moja inatosha kuwa na daktari mmoja.

Basi akaanza kwenda Inteko, ule mkutano wa wananchi wa kila Jumanne mchana. Kulikuwa na kesi za mipaka ya mashamba, mbuzi walioingia kwa watu, maji yaliyokatika. Katikati ya mbuzi na maji unauona mkono wa Laurence, juu. Mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto ulikuwa unavimba tangu upasuaji. Hashushi. Gitifu wetu, yaani katibu mtendaji wa sekta, mzee Twagirimana, mtu mpole mwenye kazi nyingi, ambaye nashukuru amekuja leo, alimjibu vizuri mara ya kwanza: "Mama Régis, wazo ni zuri, lakini haliko katika imihigo ya mwaka huu." Imihigo mnaijua: ni ahadi ambazo viongozi wanasaini mwanzo wa mwaka, na mwisho wa mwaka wanapimwa kwazo. Kilichomo kinafanyika, hata kwa kukimbia. Kisichomo kinasubiri. Laurence akauliza, "Iko ya mwaka gani?" Watu wakacheka. Jumanne iliyofuata akarudi. Miaka ilipita, viongozi wa vijiji walibadilika, mkono uko juu. Ilifika mahali Twagirimana akifungua mkutano anasema, "Tuna mashamba, tuna maji, na Mama Régis ana titi," naye Laurence anasimama anaitikia, "Ndiyo, mzee, na bado moja liko."

Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona, wengi wetu tulikaa tukisikitika. Laurence alitoa cherehani ya mama. Alishona matiti. Ya kitenge, ya pamba, makubwa, madogo, ya msichana, ya bibi, na ndani ya kila moja akaficha harage moja, mahali tofauti, ili mtu ajifunze kulitafuta kwa vidole. Watoto wa jirani walikuwa wanacheza nayo mpira. Muuguzi wa kituo cha afya alimwelekeza namna ya kupapasa, kwa duara, toka kwapani, na akamfundisha kusema kila mara kwamba si kila uvimbe ni kansa, lakini kila uvimbe unaonyeshwa kwa muuguzi. Maneno hayo aliyasema mpaka usingizini, Wellars ni shahidi.

Juni 2022, mpaka ukiwa umefunguliwa tena, akaenda Goma kuwafundisha wenzetu wa soko la Birere, akarudi na matiti yake kumi na tisa chini ya kikapu, juu yake ameweka kabichi ambazo hazikununuliwa. Kulikuwa na kijana mgeni kwenye ukaguzi, anaitwa Bahizi, ametoka mbali, mwaminifu sana kwa kazi. Akatoa kabichi. Akaona vifurushi vya kitambaa, vimeshonwa pande zote. Akabonyeza kimoja. Akabonyeza tena. Uso ukabadilika, akamwita mama pembeni.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni titi."

"Nauliza kwa heshima, mama."

"Na mi nakujibu kwa heshima, mwanangu. Ni titi. Ziko kumi na tisa."

Mimi nilikuwa mtu wa nne nyuma yake, natamani ardhi inimeze. Bahizi akasema kuna kitu kigumu ndani. Laurence akamwambia kwa furaha kabisa, "Muzuri! Iko wapi?" Kijana akaonyesha kwa kidole. "Upande gani? Karibu na kwapa? Ukubwa wake je?" Kijana akajibu, akiwa hajui kwamba yuko darasani. Akachukua kisu, akapasua, likatoka harage moja jekundu. Akakaa analitazama mkononi. Laurence akapiga vigelegele, akageukia foleni, akasema kwa ile sauti yake: "Munaona? Huyu ni mwanaume, hajafundishwa, na amelipata na kidole mbili! Ninyi munatia mukono pale kila asubuhi, munatafuta jeton tu!" Wanawake walicheka mpaka wakaangusha mizigo. Bahizi aliomba sindano na uzi alishone tena, akakataliwa, maana angeliharibu zaidi.

Sisi tulidhani mambo yameishia kwenye kicheko. Jumanne iliyofuata Inteko imejaa, mkono wa Laurence uko juu kama kawaida, gitifu anatafuta namna ya kumjibu kwa mara nyingine, mara mkono mwingine unanyooka nyuma. Ni Bahizi, amevaa nguo za nyumbani. Akasimama akasema, nami nakumbuka kila neno: "Mzee, mimi serikali inanilipa nitafute kitu kigumu ndani ya kitambaa. Imenifundisha miezi sita. Nikikikosa, nchi inapoteza ushuru wa kitenge kimoja. Dada yangu yuko sekondari, kidato cha tano, na hakuna aliyemfundisha kutafuta kwenye mwili wake. Akikikosa, tunapoteza nini?" Akaketi.

Twagirimana alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akamwambia karani aandike. Akamgeukia Laurence akasema, "Mama Régis, shusha mkono. Umeniweza."

Mwezi Agosti 2022 sekta yetu ilisaini imihigo ya mwaka mpya, na katika ukurasa wa nne, kati ya mabomba ya maji na barabara ya vumbi, kulikuwa na mstari mmoja: wasichana wote wa sekondari katika sekta wafundishwe afya ya matiti, na muuguzi, mara mbili kwa mwaka, ndani ya saa za masomo. Serikali ikatoa muuguzi, ikatoa usafiri wake, ikatoa picha za ukutani. Laurence akatoa maharage. Aliomba nyongeza moja tu, wakampa: kila msichana akitoka darasani apewe kazi ya nyumbani, akamfundishe mwanamke mmoja mkubwa, mama, shangazi, bibi, yeyote, na wiki inayofuata aje aeleze kama mwanamke huyo amekubali. Kazi hiyo waliiita "mama mmoja". Somo la kwanza lilifanyika Jumanne tarehe 18 Oktoba 2022. Marehemu alikaa nyuma ya darasa, kwenye dawati dogo, hakusema kitu, na wanaomjua wanajua hilo lilikuwa gumu kiasi gani. Muuguzi alipochora titi ubaoni kwa chaki, Laurence alilia. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anamwona yule binti wa Butaro amekaa dawati la mbele, ana rangi zake.

Hadi leo wasichana elfu moja na mia mbili wamekaa darasa hilo. Ishirini na wanane walikwenda kuonyesha uvimbe kituoni, na karibu wote waliambiwa si kitu, nendeni mkasome. Hiyo ndiyo habari aliyoipenda kuliko zote. Alikuwa akiitangaza foleni kama mtu anayetangaza harusi: "Si kitu! Wamempima, si kitu!" Sekta mbili za jirani zimeandika mstari uleule. Ya tatu imeomba mfano wa titi la kitenge, na Umutesi yuko anashona.

Januari 2024 maumivu ya mgongo yalimwanza, na Butaro wakasema ugonjwa umerudi, umeingia kwenye mifupa. Hakutaka tumdanganye. Alifanyiwa yote yaliyowezekana, akapumzishwa nyumbani, akafanya mikutano kitandani. Mwezi wa kumi ulipofika na redio ikaanza matangazo ya kansa ya matiti, alikasirika kwa mara ya mwisho. "Kwa nini Oktoba tu? Titi iko na miezi kumi na mbili!" Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, Wellars akiwa amemshika mkono ule wa kulia, alikata roho katika nyumba yake hapa Gisenyi, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Najua angetubishia kuhusu mwezi huo, lakini hatukupewa kuchagua.

Ameacha mume, Bizumuremyi Wellars. Ameacha watoto wawili, Régis na Umutesi, na mjukuu mmoja anayecheza mpira na matiti ya kitenge. Ameacha ba-mama wa foleni, ambao idadi yao hata mpaka hauijui.

Na ameacha mdogo wake mmoja. Hili ndilo agizo la pili. Alisema, "Utasoma wewe, Kampire, na pale pa kutaja waliobaki, utajitaja vizuri. Usiruke." Basi sikilizeni.

Miaka minane dada yangu aliniuliza kama nimejipima, nami nikamjibu kwa mzaha. Yeye, mwenye foleni nzima mkononi, mimi nilimshinda. Oktoba 2022, siku mbili baada ya lile somo la kwanza, binti yangu Umuhoza, wakati huo ana miaka kumi na saba, aliingia jikoni na daftari. Akaniambia, "Mama, nimepewa kazi ya nyumbani. Ni ya shule." Nikamwambia aende kwa shangazi wa jirani. Akasema, "Ni ya shule, mama. Muuguzi ataniuliza. Nimekuandika wewe." Kwa dada yangu ningekataa mpaka leo. Kwa daftari la shule, lenye muhuri, nilikosa pa kukimbilia. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikanyoosha mkono juu ya kichwa kama nilivyoambiwa, huku namcheka mtoto. Vidole vyake vikasimama. Upande wa kulia. Ule ambao nilihamishia jeton.

Kilikuwa kidogo kuliko harage. Kidogo kama dengu. Butaro waliniambia nimewahi, wakakitoa, nikatibiwa, na mwezi uliopita wameniambia kuwa sina kitu. Niliwaficha ninyi nyote. Nilisema nimekwenda Kigali kumtunza mjukuu wa shemeji. Niliona haya kwa yule niliyemcheka, na yeye alipojua hakunicheka hata kidogo. Alinipikia uji, akakaa kando ya kitanda, akasema, "Si nilikuambia sekta haitakufa." Kisha akaongeza, "Na wewe haukufa."

Kwa hiyo andikeni kwenye karatasi mlizogawiwa leo, pale palipoachwa nafasi: marehemu ameacha dada mmoja, Kampire, miaka hamsini na miwili, mzima. Mimi ndiye mama mmoja wa Umuhoza. Wasichana wa sekondari mliokuja na sare, simameni. Asanteni. Sasa kila mwanamke ambaye msichana alimpelekea daftari nyumbani, naye asimame. Msione haya, mnaona mimi nimesimama.

Laurence, geuka uone, uwanja umejaa waliosimama, waliokaa ni wachache. Shusha mkono sasa, dada. Tumekusikia. Pumzika salama kwa Bwana, na jeton yako usiwe na wasiwasi nayo, tumeitia kwenye mfuko wake na tumefunga kifungo.